Ruzuku ya mbolea: majina na malipo yawekwe hadharani, kuanzia ubao wa kijiji hadi kampuni zinazolipwa na Hazina

#1. Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu, naomba mwenye nafasi ausome wote kabla ya kuchangia. Kila tukigusa ruzuku ya mbolea humu mjadala unaishia kwenye "kwetu imefika" na "kwetu haijafika". Leo nataka tuongelee kitu kingine: nani kalipwa, kalipwa kiasi gani, na kwa nini mwananchi wa kawaida hana mahali pa kuliona hilo.

Nianze na tunayoyajua wote. Agosti 8, 2022, kilele cha Nane Nane pale Mbeya, Rais Samia alizindua ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/23. Bei ya dunia ilikuwa imepaa, kwanza kwa Uviko, halafu vita ya Urusi na Ukraine. Mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, wa kilo 50 ulikuwa umefika 130,000 na ushee. Kwa ruzuku mkulima akaupata kwa 70,000, na urea, ile ya kukuzia, nayo ikawa 70,000. Serikali ilitenga Sh bilioni 150 kwa kazi hiyo. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Mama yangu analima mahindi Ruvuma, na kwa mkulima wa aina yake bei ya mfuko mmoja wa kukuzia ndiyo inayoamua kama heka ya pili italimwa au itabaki majani.

Sasa ile 60,000 ambayo mama hakuitoa, imelipwa na nani na imekwenda kwa nani? Imetoka Hazina, yaani kwetu sote, wewe unayekatwa kodi kwenye mshahara na yule anayenunua sabuni dukani Tandika. Imekwenda kwa kampuni iliyoleta mbolea. Mkulima hajaishika hata senti moja ya ruzuku. Yeye kapunguziwa bei. Naomba mlishike hili, maana ndipo hoja yangu yote iliposimama.

Wenzetu Marekani ruzuku inakwenda kwa mkulima mwenyewe, na kwa miaka mingi majina ya waliolipwa yalikuwa siri. Gazeti la Washington Post likaishtaki Wizara ya Kilimo likitaka orodha ya waliolipwa ruzuku ya pamba, na mwaka 1996 mahakama ikaamuru itolewe. Baadaye shirika la Environmental Working Group likakusanya kumbukumbu za malipo, na mwaka 2001 likaziweka kwenye intaneti wakati bunge lao likijadili sheria mpya ya kilimo. Ukiandika jina la kaunti yako ya vijijini inakutolea orodha: fulani kapata kiasi hiki, mwaka huu, kwa zao hili. Watu wakaona kwa macho yao kwamba sehemu kubwa ya fedha inaishia kwenye mashamba makubwa machache, na kwamba baadhi ya wanaolipwa "ukulima" anwani zao ziko New York na Chicago.

Ulaya nako hivyo hivyo. Denmark ilifungua orodha yake mwaka 2004. Uingereza ikafuata 2005, na kwenye orodha yakakutwa majina ya makabaila wenye ardhi kubwa, Malkia Elizabeth akiwemo. Leo kila nchi ya Umoja wa Ulaya inatakiwa kila mwaka itangaze jina la mlipwaji, eneo lake na kiasi alichopata.

Hapa kwetu wengi wakisikia "uwazi wa ruzuku" wanafikiria kubandika majina ya wakulima tu. Hilo nalitaka, na nitaeleza kwa nini. Ila tukiishia hapo tutakuwa tumemmulika mama yangu mwenye mifuko minne na kumwacha gizani aliyelipwa mabilioni. Uwazi wetu lazima uwe na ncha mbili. Kijijini, jina la mkulima, heka alizoandikisha na mifuko aliyochukua. Kitaifa, jina la kila kampuni iliyolipwa, tani ilizopeleka, kwa wakala gani, wilaya gani, na fedha iliyoingia kwenye akaunti yake.

Kwa nini kijijini? Kwa sababu kijijini ndiko kunakojulikana nani analima. Afisa aliyekaa Dodoma hawezi kujua kama mzee fulani kweli ana heka ishirini. Jirani yake anajua, na anajua hata kona ya shamba ilipoishia.

Nimeoneshwa picha ya ukurasa mmoja wa daftari la kuandikishia wakulima, kijiji sikitaji. Daftari la kawaida la mistari, safu zimechorwa kwa rula: jina, kitongoji, simu, zao, heka. Kwenye safu ya heka, mstari wa nne kutoka chini, pameandikwa 13. Ile 3 ni ya wino wa bluu kama ukurasa wote. Ile 1 ni nyeusi na imebanwa kwenye ukingo wa safu, maana haikuwa na nafasi. Mwenye jina hilo ana heka tatu, kila mtu pale anamjua. Heka kumi zilizoongezwa ni haki ya kununua mifuko ambayo yeye hataiona. Na jedwali hilo likishaingizwa kwenye mfumo, 13 inakuwa 13 safi, wino mweusi na wa bluu hautofautiki tena.

Kama ukurasa ule ungebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji wiki mbili kabla ya kupelekwa wilayani, ile 1 isingefika popote.

Kuna wanaosema hizi ni hisia za mitandaoni. Basi turudi kwenye vocha za pembejeo, ule mpango wa 2008 hadi 2014. Vocha ililenga mkulima mdogo wa mahindi au mpunga, apate mbegu na mifuko miwili ya mbolea kwa takribani nusu bei. Kila kijiji kiliunda kamati ya vocha, wanawake watatu na wanaume watatu, na orodha ilitakiwa ipitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Kwenye karatasi ulikuwa utaratibu mzuri. Watafiti wawili, Pan na Christiaensen, wakachunguza ugawaji wa 2009 mkoani Kilimanjaro na matokeo yakachapishwa 2012: takriban asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwenye kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Asilimia sitini, wakuu. Na huo ni mkoa wenye shule, barabara na watu wanaojua kusoma tangazo.

Halafu kuna vocha iliyofika kwa mlengwa lakini mlengwa hana ile nusu ya kuongezea. Anakuja mtu na elfu kadhaa mkononi, anainunua vocha, mama anasaini, vocha inahesabika "imetumika". Kwenye ripoti ya wilaya huyo mama kapanda mbegu bora na kaweka mbolea.

Mfumo wa sasa ni wa kielektroniki na kwa kweli ni bora zaidi. Mkulima anaandikishwa kijijini, anapata namba yake, anaipeleka kwa wakala, wakala anaiingiza kwenye simu, na mfuko una alama ya kuskani. Maana yake ni kwamba taarifa zote zipo tayari: nani kachukua, mfuko upi, kwa nani, lini. Haihitajiki tume wala semina kuzikusanya. Ila mfumo huo huo unampa mjanja njia nyepesi. Akizishika namba za wakulima ishirini wasiojua wanastahili mifuko mingapi, anauza mbolea kwa mtu mwingine kwa bei ya sokoni, au anaivusha mpaka, na kwenye mfumo inasomeka imechukuliwa na mkulima. Mifuko 500 ya aina hiyo kwa ruzuku kama ile ya 60,000 ya 2022 ni milioni 30, kwa wakala mmoja, kwa msimu mmoja. Serikali yenyewe iliwahi kutangaza kuwafungia mawakala kwa udanganyifu, kwa hiyo silizui hili.

Mkulima yule angeisoma karatasi ukutani inayosema kachukua mifuko minane, na nyumbani ana miwili, angepiga kelele siku hiyo hiyo. Sasa hivi hajui. Atajuaje?

Karibuni.

#2. Mchangiaji, Mbeya

Mkuu, uzi umetulia, hongera. Ila hapo kwenye kubandika majina nasita. Kijijini watu wanasemana. Ukibandika kwamba fulani kachukua mifuko kumi, wadeni watamjia kesho yake. Wezi nao wanasoma. Na kuna wanaume wanachukua mbolea bila mke kujua, hapo umeleta ugomvi ndani ya nyumba. Halafu siku hizi kuna sheria ya taarifa binafsi, serikali itasema mikono imefungwa.

#3. Mleta mada

Mkuu wa Mbeya, asante, hiyo ndiyo hoja ngumu kuliko zote na siitaki ipite kijuujuu.

Wakulima wa Ujerumani waliipeleka mahakamani. Ubia wa kilimo wa Volker und Markus Schecke pamoja na mkulima aitwaye Hartmut Eifert waliishtaki jimbo la Hessen wakipinga majina na malipo yao kuwekwa kwenye tovuti. Novemba 9, 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikawapa ushindi kwa upande wa watu binafsi. Lakini soma sababu zake. Mahakama haikusema fedha za umma ni siri ya mpokeaji. Ilisema kuwaanika watu wote kwa namna moja, aliyepata kidogo mara moja na anayevuna kila mwaka, bila kutofautisha kiasi wala kipindi, kumepita kiasi. Ulaya ikarudi mezani, na sheria ya mwaka 2013 ikarejesha majina huku ikiweka mstari chini: walio kwenye mpango wa wakulima wadogo, wanaopata hadi euro 1,250 hivi, hawatajwi kwa majina.

Nasi tunaweza kuweka mstari wetu. Namba ya simu, namba ya kitambulisho cha NIDA na sahihi visibandikwe kabisa, hivyo havimsaidii jirani kuhakiki chochote. Kwenye tovuti ya taifa wasitajwe wakulima wadogo, itoshe jumla ya kila kijiji. Kwenye ubao wa kijiji, jina, heka na mifuko, basi. Anayelima mamia ya heka au anayeleta meli nzima ya mbolea bandarini kwetu hapa Dar, huyo atajwe kitaifa.

Hiyo sheria ya 2022 ya ulinzi wa taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, nimeisoma. Inamzuia mtu kuchezea taarifa zako, na naipenda. Sioni mahali inapomkataza mwenyekiti kusomea wanakijiji orodha ya waliopata mali ya umma.

Na kuna jambo linaniuma zaidi, mkuu. Kaya za TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, huibuliwa kwenye mkutano wa hadhara. Mama mjane asiye na kitu anatajwa mbele ya kijiji kizima kwamba yeye ni maskini wa kutupwa, watu wanajadili kama kweli anastahili, na hatuulizi faragha yake iko wapi. Tukifika kwa mwenye trekta na heka mia, ndipo faragha inakumbukwa. Kama maskini kabisa anaweza kutajwa kwa msaada wa makumi ya elfu, aliyepunguziwa milioni anaweza kutajwa pia.

Hilo la mume anayechukua bila mke kujua: huyo mke ndiye anayepalilia. Mimi nataka ajue.

#4. Mchangiaji, wakala wa pembejeo, Njombe

Nimeusoma uzi nikiwa dukani. Naomba nanyi mtusikilize sisi. Mnaongea kana kwamba wakala ndiye anayeilamba ruzuku. Mimi nina kamisheni ndogo kwa mfuko, nalipa mzigo kwanza, mtandao ukikata nakaa na foleni ya watu wamelala nje ya duka wamejifunika khanga, watoto mgongoni. Wananitukana mimi. Na wale mawakala wa zamani wa enzi za vocha, muulizeni mmoja: waliikopesha serikali mbegu na mbolea, wakaambiwa subirini uhakiki, wengine nyumba zikapigwa mnada na benki. Mkibandika jina la duka langu kwamba nimeuza mifuko 3,000, wanakijiji watadhani nimekula mamilioni.

#5. Mleta mada

Kaka, pole na kazi, na asante kwa kuja mwenyewe. Uliyoyaandika yanaipa nguvu hoja ya kuweka mambo wazi. Uhakiki wa madeni ya mawakala ulikaa miaka kwa sababu nyaraka zilikuwa mezani kwa watu wachache, na wakala mkweli akawekwa kapu moja na aliyeorodhesha marehemu. Orodha ya kila duka ingekuwa hadharani tangu siku ya kwanza, wateja wako wenyewe ndio wangekuwa mashahidi wako: ndiyo, mifuko ile tuliichukua, mlipeni huyu. Usingeomba huruma ya mtu.

Na karatasi iwe na mchanganuo kamili. Bei halisi, mkulima kalipa ngapi, ruzuku ngapi, kamisheni ya wakala ngapi, kampuni kalipwa ngapi, lini. Mwanakijiji akiona kamisheni yako imekaa kwenye safu yake, atajua mabilioni hayako kwako.

Nimetaja kampuni makusudi. Malawi mwaka 2022 walitoa malipo ya awali kununua mbolea ya ruzuku kutoka kampuni moja ya Uingereza, ikaja kugundulika ni wauza nyama. Oktoba mwaka huo Rais Chakwera akamfukuza waziri wa kilimo. Kenya mwaka 2024 waandishi wa habari walifichua mifuko ya mbolea ya ruzuku ambayo ndani yake haikuwa mbolea inayostahili kuitwa hivyo, na mkulima alikuwa ameshaifukia shambani na msimu umeshakwenda. Kote huko aliyeumia hana jinsi ya kujua, wakati wa kununua, nani kapewa zabuni na kwa fedha ngapi. Sisi tumeshukuru Mungu hatujafika huko, lakini milango yetu nayo haina komeo. Mbolea yetu kubwa inashukia bandarini Dar. Wangapi kati yetu tunaoishi kilomita chache kutoka Kurasini tunaweza kutaja kampuni tano zilizolipwa ruzuku msimu uliopita, na kila moja ililipwa shilingi ngapi?

#6. Mchangiaji, mtendaji wa kijiji mstaafu

Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, nastaafu nikiwa na afya, namshukuru Mungu. Kijana, unachosema kiko kwenye sheria tayari. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe. Mapato na matumizi husomwa. Ugumu uko hapa: uandikishaji unaletwa na maelekezo ya siku chache, wilaya inapiga simu "tunataka takwimu kesho saa nne", unakaa usiku na daftari na kibatari, mkutano utauita saa ngapi? Ubao nao mvua ikinyesha karatasi imekwisha. Na ukweli mwingine, mwenyekiti akiwa ndiye mwenye heka nyingi, mtendaji kijana aliyetoka mkoa mwingine hana ubavu wa kumbandika.

#7. Mleta mada

Shikamoo mzee. Nimeyapokea yote, na hilo la mwisho ndilo linalonifanya niseme kubandika kusiachwe kuwa hiari ya mtendaji. Karatasi itoke kwenye mfumo ikiwa imechapwa, ifike kwa kata, ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji, zahanati, shule na hata duka la wakala, tarehe ile ile nchi nzima. Hapo mtendaji kijana hana la kujibu kwa mwenyekiti, atasema imetoka wizarani. Msikiti na kanisa pia wanaweza kuisoma, matangazo ya Ijumaa na Jumapili yanafika kuliko ubao.

Wapo wanaoona karatasi ukutani haibadilishi kitu. Uganda ilifuatilia ruzuku ya shule za msingi ya miaka ya 1991 hadi 1995 ikakuta kwa wastani shule zilipata asilimia 13 tu ya fedha iliyotumwa. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika zilichopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wachumi wanabishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti peke yake, maana kulikuwa na hatua nyingine pia. Lakini mwalimu mkuu aliyejua wilaya imetumiwa ngapi alikuwa na la kuuliza, na kabla ya hapo hakuwa nalo.

#8. Mchangiaji, Kimara

Samahani kaka, mimi ni mfanyakazi hapa mjini, nina heka zangu Handeni, nalima mahindi kwa kumtuma kijana. Nimejiandikisha na ninachukua mbolea ya ruzuku. Kwa maelezo yako ya New York na Chicago naona kama mimi ndiye unayenisema. Je, tusistahili?

#9. Mleta mada

Dada yangu, hapana, sikusemi wewe. Shamba lako ni la kweli, mahindi yanaota, na kijana wako analipwa. Ruzuku yetu ya sasa haikuwekewa sharti la kuishi kijijini, na sioni ubaya wa mtu wa Kimara kulima Handeni; nchi inapata chakula. Wewe ndiye ambaye orodha ikibandikwa utasimama bila wasiwasi, maana kijiji kinalijua shamba lako.

Ninayemfikiria ni yule aliyeandikishwa heka hamsini kwenye kijiji ambacho hajawahi kukanyaga, kwa sababu ana ndugu mwenye daftari. Sasa hivi wewe na yeye mnafanana kwenye mfumo, wote ni "mkulima, makazi Dar es Salaam". Majirani wa Handeni ndio pekee wanaoweza kuwatofautisha, na hakuna anayewauliza.

Kama siku moja tutaamua mbolea haitoshi na tuanze na wakulima wadogo, huo utakuwa uamuzi wa haki kuujadili. Lakini tutaujadili vipi bila kujua kiasi gani kinakwenda kwa wa heka mbili na kiasi gani kwa wa heka mia mbili? CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anakagua na ripoti zake zinafika bungeni kila Aprili, namheshimu sana kwa kazi hiyo. Ila mkaguzi anafika msimu ukiwa umeisha na mahindi yameshavunwa. Jirani anafika siku hiyo hiyo.

#10. Mchangiaji, Mbagala

Wakuu nimewasoma wote. Tusemane tu humu halafu iishe? Mleta mada, mtu kama mimi ambaye wazazi wako Namtumbo nifanye nini kesho asubuhi?

#11. Mleta mada

Mkuu, tuko jirani kumbe, kwa wazazi na kwa makazi.

Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupata taarifa, na tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, namba 6 ya mwaka 2016. Raia yeyote anaandika barua kwa taasisi inayoshikilia taarifa, halmashauri au Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, anaeleza anachotaka kwa ufasaha, anaweka jina na anwani yake, na taasisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Wakikataa lazima waseme sababu. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, usiondoke mapokezi bila muhuri. Usiombe "taarifa za ruzuku" kwa ujumla, watakupa hotuba ya bajeti. Usiombe pia simu wala NIDA za watu, watakukatalia na watakuwa sahihi.

Barua yangu kwa halmashauri ya nyumbani nimeshaiandika, naiweka hapa kiini chake, mwenye kuitaka aichukue abadilishe jina la kijiji na wilaya:

"Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kwa kijiji cha … msimu uliopita wa kilimo: idadi ya wakulima walioandikishwa na jumla ya heka kwa kila kitongoji, idadi ya mifuko ya mbolea ya ruzuku iliyouzwa kwa wakulima wa kijiji hicho kwa kila aina na kila mwezi, majina ya mawakala walioiuza na idadi ya mifuko kwa kila mmoja, majina ya kampuni zilizowapelekea mawakala hao mbolea na kiasi cha ruzuku kilicholipwa kwa kila kampuni kwa mifuko hiyo, na tarehe ambayo orodha ya wakulima ilisomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, pamoja na nakala ya muhtasari wa mkutano huo."

Hicho kipengele cha mwisho msikitoe. Kama mkutano haukufanyika hakuna muhtasari, na watalazimika kuliandika hilo kwa maandishi yao wenyewe. Jibu likija nitaliweka humu lote, na kama ni kukataliwa nitaiweka barua ya kukataliwa.

Mzee mtendaji mstaafu, naomba uipitie hiyo barua kabla sijaipeleka. Wewe unajua wataikwepa wapi.